Malaria ya pengwini

Kumbe pengwini nao wanaugua malaria, na inawaua haraka. Mimi kazi yangu ni kusoma slaidi za damu hapa Mbeya, kwa hiyo habari hii nimeshinda nayo kutwa.

Si malaria yetu. Vimelea vyake, hasa Plasmodium relictum, ni vya ndege, na hubebwa na mbu wa Kyuleksi, yule wa maji machafu. Ndege wengi wa porini huishi navyo bila hata kuonekana wagonjwa. Pengwini asili yao ni pwani za baridi na upepo, mbu wachache, miili yao haikuzoea. Mwaka 2012 bustani ya wanyama ya London ilipoteza pengwini sita aina ya Humboldt. Sisi wa Nyanda za Juu hili tunalijua: mtu wa Makete, kwenye baridi, akishuka Kyela kwenye joto na mbu, homa humwangusha kuliko mwenyeji.

Kilichonishika zaidi ni vipimo. Kipimo cha haraka tunachotumia zahanati hakiwafai, kimetengenezwa kwa vimelea vya binadamu. Tone nene, lile la damu ambayo chembe zake hupasuliwa ili vimelea vionekane, ninalolitegemea kuliko chochote, nalo halifai: chembe nyekundu za ndege zina kiini, ukizipasua viini vinajaa kila mahali na kimelea hukioni. Inabaki damu iliyotandazwa nyembamba kwenye slaidi, rangi ya Giemsa na subira. Hata hapo slaidi yaweza kuwa safi huku vimelea vinazaliana kwenye mapafu, ini na bandama. Ndege anakula leo, kesho amekufa, jibu linapatikana kwa kumpasua. PCR, kipimo cha vinasaba, hugundua zaidi. Kwa pengwini, mimi nisingethubutu kuandika "hakuna vimelea" kwa slaidi moja.

Dawa ni klorokwini! Ile iliyotuwasha mwili mzima, ambayo Tanzania iliiacha mwaka 2001 kwa kuwa vimelea vilishaizoea, huko bado inaokoa. Husafisha damu, na primakwini hufuata vilivyojificha kwenye viungo. Vidonge hufichwa ndani ya samaki. Watunzaji makini hawangoji ugonjwa. Msimu wa mbu hutoa dawa ya kinga, huweka nyavu na feni, humwaga maji yaliyotuama.

Pengwini wa Afrika, wa Namibia na Afrika Kusini, mwaka 2024 walitangazwa kuwa hatarini kabisa kutoweka. Jozi zinazozaliana hazifiki 10,000. Kinda anaokotwa ufukweni kwa njaa, anapelekwa kituoni kuuguzwa, anaanza kunenepa, kisha mbu anammaliza humo humo. Hilo linaniuma mno.