Nilivyoijua lugha ya satelaiti za kijeshi nikiwa juu ya paa

Nikisikia mtu akimwambia mwenzake anayetaka kuelewa habari za satelaiti za kijeshi "kariri vifupisho kwanza", napandwa na hasira. Mimi niliambiwa hivyo hivyo, tena na watu ninaowaheshimu. Nikatumiwa hadi faili: ASAT, DSP, GEO, HEO, NRO, SBIRS, ukurasa baada ya ukurasa, vyote vimepangwa kwa alfabeti. Unaweza kulikariri faili lote na bado usijue kwa nini satelaiti moja ya kijasusi hupita juu ya mji saa ile ile ya jua, na nyingine haisogei mahali pake mwaka mzima.

Kazi yangu ni kutafsiri habari za nje kwenye redio ya jamii hapa Tanga. Tarehe 15 Novemba 2021 Urusi ilirusha kombora na kuidungua satelaiti yake yenyewe iliyokwisha kufa, Kosmos 1408. Vipande zaidi ya 1,500 vya ukubwa wa kuonekana na rada vilitawanyika, na wanaanga waliokuwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu wakaamriwa waingie kwenye vyombo vyao vya kurudia duniani, tayari kwa lolote. Chumba cha habari tukashauriana. "Andika tu silaha za angani, watu wataelewa," kaka mmoja akasema, na ndivyo ilivyosomwa. Kesho yake mama mmoja akapiga simu studio: "Mwanangu, hivyo vyuma vitatuangukia lini?" Hakuna aliyekuwa na la kumjibu. Swali lake lilikuwa zuri kuliko habari yetu nzima, na hapo nikaamua kwamba safari nyingine nitakuwa na jibu.

Kilichonifungua macho ni mistari miwili ya tarakimu. Jeshi la Anga za Juu la Marekani, lililoundwa Desemba 2019, lina kikosi kinachotunza daftari la kila kitu kinachozunguka dunia ambacho vifaa vyao vimekiona. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya NORAD, kamandi ya ulinzi wa anga ya Marekani na Kanada, ndiyo maana mpaka leo watu husema "namba ya NORAD". Karibu kila kitu kina namba yake na mistari yake miwili, kila mstari una nafasi 69, na wenyewe wanaiita TLE. Inapatikana bure mtandaoni: tovuti ya Space-Track ukijisajili, CelesTrak hata bila kujisajili.

Usitishwe na wingi wa tarakimu. Shika mbili tu, zote ziko mstari wa pili. Ya kwanza ni mwinamo, yaani njia ya satelaiti imeinama nyuzi ngapi kutoka ikweta. Nyingine, karibu na mwisho wa mstari, ni mizunguko kwa siku. Chukua kile kituo cha kimataifa, namba 25544: mwinamo 51.6, mizunguko kama 15.5. Papo hapo unajua hakitapita juu ya Stockholm hata siku moja, maana hakivuki latitudo 51.6, na kwa mizunguko hiyo kiko chini, kilomita 400 na kidogo. Mizunguko 2 na mwinamo wa 55 hivi, hiyo ni GPS, kilomita 20,200 juu. Mzunguko 1 na mwinamo karibu na sifuri, hiyo inakwenda sawa na dunia, kilomita 35,786 juu ya ikweta, na ukiitazama kutoka chini haitoki mahali pake. Huko ndiko Marekani ilikoweka satelaiti zake za tahadhari ya mapema, DSP, ambazo katika vita vya Ghuba vya 1991 zilikuwa zikiona joto la makombora ya Scud ya Iraki yanaporuka. Ukikuta mwinamo wa 97 au 98, hiyo hupita karibu na ncha za dunia na kukuta kila mahali saa ile ile ya jua, ili kivuli cha leo kilinganishwe na kivuli cha juzi. Njia hiyo huipenda sana satelaiti za kupiga picha.

Sasa tazama mstari wa kwanza. Baada ya namba utaona herufi U, maana yake taarifa hizi si siri. Nilitegemea kukuta herufi nyingine kwa zile za siri. Kwenye daftari la wazi haipo. Za siri hazina mistari kabisa: daftari linakupa jina, USA na namba, halafu basi. Za Urusi na China wanazitangaza zote bila kusita. Mimi naona hilo peke yake linakufundisha siasa za anga za juu kuliko faili lile la vifupisho.

Mwinamo una siri nyingine. Chombo kikirushwa moja kwa moja hakiwezi kupata mwinamo mdogo kuliko latitudo ya mahali kiliporushwa. Jukwaa la Waitaliano la San Marco, lililosimama baharini karibu na Malindi, liko nyuzi kama 3 kusini mwa ikweta, na Uhuru, satelaiti iliyorushwa pale tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya inaadhimisha uhuru wake, ilizunguka kwa mwinamo wa nyuzi 3. Hiyo ilikuwa ya sayansi, lakini kanuni ni ile ile kwa mzigo wa jeshi. Kabla ya roketi kuruka, marubani na manahodha hutangaziwa maeneo ya kukaa mbali. Chora mstari kutoka uwanja wa kurushia hadi maeneo hayo, na mwinamo wa mzigo wa siri unao mkononi kabla haujaruka.

Ushauri mbaya wa pili ulikuwa wa darubini kubwa. "Bila darubini ya maana hutaona kitu," nikaambiwa kwa uhakika wote. Rafiki yangu anayefundisha fizikia akaniazima moja, ndefu, ya miguu mitatu, nikaipandisha juu ya paa la nyumba yetu kwa kamba huku mke wangu akiishikilia kwa chini. Mwezi niliuona hadi mashimo yake. Mshtarii na miezi yake minne, safi. Satelaiti? Kituo cha kimataifa kikiwa utosini husogea karibu nyuzi moja kila sekunde, na darubini ile kwa ukuzaji wake ilikuwa inaona kipande cha anga kisichofika nyuzi moja. Hesabu mwenyewe. Doa linaingia na kutoka kabla hujapepesa. Nilijaribu kuitegea mbele ya njia, nikajaribu kulegeza miguu niizungushe kwa mkono, nikajaribu kuona kwa jicho moja huku jingine likitazama angani. Shingo iliniuma siku kadhaa. Darubini ikarudi kwa mwenyewe na shukrani nyingi.

Kilichofaa ni darubini ya kawaida ya mabaharia, ya macho mawili, 7x50, niliyoinunua mtumba kwa bei ya laki moja na ushee. Inaona nyuzi saba hivi kwa mara moja, na inakusanya mwanga wa kutosha. Yeyote anayekuambia utumie mamilioni hajawahi kukaa juu ya paa.

Ujanja ninaojivunia hasa ni wa kivuli cha dunia. Satelaiti haina taa, tunaiona kwa sababu jua limeshatuzamia sisi lakini yeye huko juu bado linampiga. Kadiri ilivyo juu, ndivyo inavyochelewa kuingia gizani. Nikapiga hesabu kwa huku kwetu karibu na ikweta: kitu cha kilomita 400 kikiwa utosini hubaki na mwanga kwa muda wa saa moja na dakika ishirini hivi baada ya jua kuzama. Kitu cha kilomita 1,100 hubaki kwa muda wa saa mbili na zaidi kidogo. Kwa hiyo ukiona doa linakwenda taratibu utosini wakati zile za chini zimeshazimika zote, umeshajua liko juu sana, bila kifaa chochote, kwa saa ya mkononi tu. Sijaona mtu ameandika jambo hili kwa ajili yetu tunaoishi ambako jua huzama haraka namna hii. Miongozo mingi imeandikwa na watu wa Ulaya, ambao usiku wao wa kiangazi satelaiti zinaonekana hadi alfajiri.

Nilichokuwa nakiwinda ni pacha. Marekani ina satelaiti za jeshi la majini ambazo watazamaji wanaziita NOSS, na za kizazi cha tatu, zilizoanza kurushwa 2001, huenda mbili mbili. Daftari rasmi halina mistari yake, lakini kuna watu Ulaya na Amerika ya Kaskazini wanaokaa nje usiku na saa sahihi, wanapima zimepita wapi kati ya nyota, wanakokotoa njia na kuigawa bure. Mwinamo 63.4, mizunguko kama 13.4 kwa siku. Ukishazoea namba unaona mara moja: hiyo ni kilomita 1,100 hivi.

Usiku wenyewe ulikuwa wa Januari, kaskazi inavuma, anga halina hata wingu. Jirani yetu, mzee aliyekuwa nahodha wa jahazi, alikuwa ameketi kwenye paa lake kupunga upepo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Unatafuta nini huko?"

Nikamweleza kwamba kuna vyombo viwili vya Wamarekani vitatokea kusini, vipite karibu na nyota ya Suheli. Sikuwa na haja ya kumwonyesha Suheli ni ipi. Alikuwa ameielekeza jahazi kwa nyota hiyo kabla mimi sijazaliwa, na kidole chake kilifika kabla ya changu. Saa mbili na dakika chache nikaielekeza darubini hapo na kutulia. Doa likaingia, hafifu. Nyuma yake, umbali wa kama vidole viwili ukinyoosha mkono, doa la pili. Mwendo mmoja, mwanga karibu sawa, la mbele halikimbii na la nyuma halisogei karibu. Nikampa mzee darubini kwa kupitia ukingo wa paa. Akakaa nayo muda. "Zinaongozana," akasema. "Zinavua nini?"

Zinavua mawimbi, mzee. Kwa wachambuzi niliowasoma, kazi yake ni kusikiliza rada na redio za meli. Wimbi la rada ya meli linaifikia satelaiti moja sehemu ndogo mno ya sekunde kabla ya nyingine, na kutokana na tofauti hiyo wanapata meli iko wapi. Ndiyo maana hazitembei peke yake. China nayo ina Yaogan-9, iliyorushwa Machi 2010, zenyewe huenda tatu tatu kwa mwinamo ule ule. Zikaendelea kupanda kuelekea upande wa nyota ya Sirius, kisha zikafifia, ya mbele kwanza, zikaingia kivulini kama hesabu ilivyosema. Nilifurahi usiku ule kuliko nilipopata kazi.

Tangu hapo vifupisho vikaanza kujisoma vyenyewe. HEO, kwa mfano, ni njia ndefu ya yai, na kwenye TLE inajulikana kwa tarakimu saba zilizoandikwa bila nukta, kipimo cha jinsi njia ilivyorefuka kutoka kwenye duara, ambazo zikianza na 7 maana yake ni 0.7. Satelaiti za Oko, za tahadhari ya mapema za Wasovieti, zilikuwa hivyo. Ziliyatazama maeneo ya makombora ya Marekani kwa ubavu, ili moto wa kombora uonekane dhidi ya weusi wa anga. Tarehe 26 Septemba 1983 jua liliakisi kwenye mawingu ya juu, mashine ikasema makombora yanakuja, na Luteni Kanali Stanislav Petrov, aliyekuwa zamu, akaamua kuripoti kwamba ni kosa la mfumo. Bila kuijua ile njia, kisa hicho ni muujiza tu. Ukiijua, unaona hasa mwanga ulipopenyea.

Na picha ya 30 Agosti 2019 je? Rais Donald Trump aliweka mtandaoni picha ya uwanja wa roketi wa Iran, Semnan, baada ya ajali. Watazamaji walichukua kivuli cha minara wakapata saa, wakatazama uwanja wa duara ulivyobanwa ukawa kama yai wakapata pembe ya kamera, kisha wakalinganisha na njia walizozikokotoa wenyewe. Jibu likawa USA-224, satelaiti ya kijasusi ya Marekani. Kivuli tena.

Jambo moja la kuangalia sana: mistari huzeeka. Jamaa mmoja alinitumia ya miezi ya nyuma akisisitiza namba hazibadiliki. Hewa nyembamba ya huko juu huzivuta zile za chini, na zenye injini hubadili njia zikitaka. Chukua mpya kila mara, na kumbuka saa zake ni za Greenwich: jioni yetu saa kumi na mbili na nusu kwao imeandikwa 15:30.

Yule mama nilimjibu hewani, tulipopata nafasi ya kuirudia mada. Nilimwambia kinachotawala ni urefu. India ilipodungua satelaiti yake Machi 2019 ilikuwa chini ya kilomita 300, na hewa ikavivuta vipande vingi haraka. China ilipodungua Fengyun-1C Januari 2007 ilikuwa kilomita 865, ikaacha vipande zaidi ya 3,000 vinavyofuatiliwa, na vingi bado vinazunguka. Kosmos 1408 ilikuwa katikati, chini kidogo ya kilomita 500. Vinavyoshuka huungua hewani karibu vyote, mama, hatari kubwa wanayo walioko huko juu. Siku hizi chumba chetu cha habari hakitoi taarifa ya aina hiyo bila kutaja kilomita.