Ninavyopima pumzi ya mtu kwa kipandio na saa

Anayeanza mazoezi chini yangu nampima pumzi kwanza, na kwa kuwa sina mashine za maabara, natumia kipimo cha Queens College. Mtu anapanda na kushuka kipandio dakika 3, kisha mapigo ya moyo yanahesabiwa na fomula inayageuza kuwa kipimo cha pumzi.

Kipandio kiwe na kimo cha sentimita 41.3. Changu alikitengeneza seremala na kukikaza kwa skrubu, maana misumari hulegea na kipandio kikiyumba mtu hupanda kwa woga. Kreti ya soda haifai: ikiwa fupi, kazi inakuwa nyepesi na majibu yanampendelea mtu.

Kabla ya yote nauliza kuhusu maumivu ya kifua, kizunguzungu, presha na dawa. Mwenye matatizo hayo namwelekeza kwa daktari kwanza. Dawa za presha aina ya atenolo hushusha mapigo, hivyo fomula itasema ana pumzi nzuri hata kama hana. Kahawa, sigara na chumba cha bati saa saba mchana hupandisha mapigo, napima asubuhi.

Metronomu ya simu, yaani programu inayotoa milio kwa mwendo sawa, naiweka kwenye milio 96 kwa dakika kwa wanaume na 88 kwa wanawake. Kila mlio ni hatua moja: kulia juu, kushoto juu, kulia chini, kushoto chini. Hiyo ni mizunguko 24 au 22 kwa dakika. Namwacha ajaribu sekunde chache, apumzike, ndipo tuanze. Goti linyooke kabisa akiwa juu. Akishindwa kufuata mlio au akisikia kizunguzungu, tunaacha hapo hapo.

Kazi ngumu iko kwenye kuhesabu. Dakika ya tatu ikiisha anabaki amesimama, nami naweka vidole viwili vya kwanza kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba. Dole gumba langu silitumii kwa sababu lina mapigo yake. Nahesabu kuanzia sekunde ya 5 hadi ya 20, nazidisha kwa 4. Ukichelewa kuupata mshipa, moyo umeshaanza kutulia na namba inakuwa ndogo kuliko ukweli. Kwa hiyo nautafuta mapema, kabla hajaanza kupanda, na kuuwekea alama ya kalamu. Shingoni napaepuka, kwani ukikandamiza pale moyo hupunguza mwendo.

Kwa wanaume: 111.33 toa (0.42 mara mapigo). Kwa wanawake: 65.81 toa (0.1847 mara mapigo). Mwanamume mwenye mapigo 160 anapata 44.1, mwanamke 36.3, yaani mililita za oksijeni ambazo mwili unaweza kutumia kwa kila kilo ya uzito kwa dakika; namba kubwa ni pumzi nzuri zaidi. Pigo moja likikuponyoka, kwa mwanamume jibu linasogea karibu 1.7, ndiyo maana tofauti ya pointi moja siihesabu kuwa maendeleo.

Fomula ilitokana na vijana wa chuo, basi kwa mzee wa miaka 60 siiamini sana. Kwake naandika mapigo yenyewe tu, na kurudia baada ya wiki 8 kwa kipandio kile kile, saa ile ile.