Wanawake Mbele ya Kaburi la Haji Ali

Katika mabishano kuhusu wanawake na kuzuru makaburi ya mawalii, kisa cha kaburi la Haji Ali, walii wa Kiislamu wa India, kinafaa kutazamwa kwa makini. Kaburi hilo liko Mumbai, juu ya kisiwa kidogo karibu na pwani ya Worli, na njia ya kulifikia hufunikwa na maji bahari inapojaa. Kwa miaka mingi wanawake waliingia hadi chumba cha kaburi lenyewe, mpaka mwaka 2012 walipokuta wamewekewa kizuizi cha chuma. Wadhamini wa kaburi walieleza kwamba ni dhambi kubwa mwanamke kulikaribia kaburi la walii mwanamume.

Wanaokwenda pale huenda na haja zao: mgonjwa, mtoto asiyepatikana, ndoa ya binti. Husoma Fatiha na Yasini, huweka nadhiri, na wengine hulia kwa sauti ambayo nyumbani hawawezi kuitoa. Shangazi yangu, niliyemsindikiza Mumbai kwa matibabu, alizuru pia, na nilipomwuliza anamwomba nani alinijibu bila kusita: “Mwanangu, ninayemwomba ni Mwenyezi Mungu. Hapa nimekuja kutabaruku, kutafuta baraka, kwa mja wake.” Hiyo ni akida ya mtu anayejua afanyalo, na inaniuma kusikia wanawake kama yeye wakihukumiwa kuwa wajinga kabla ya kuulizwa.

Noorjehan Safia Niaz na Zakia Soman, wa Bharatiya Muslim Mahila Andolan, jumuiya ya kutetea haki za wanawake Waislamu wa India, walikwenda mahakamani, na tarehe 26 Agosti 2016 Mahakama Kuu ya Bombay ikaamua kwamba marufuku ile inakiuka katiba ya India. Mwezi Novemba mwaka huohuo wanawake wakaingia tena.

Sidharau hoja ya wanaotaka ibada itakasike na shirki, yaani kumshirikisha Mungu. Mtume (s.a.w.) alikataza kuzuru makaburi kisha akaruhusu, kama ilivyo katika Sahih Muslim, na hadithi ya kuwalaani wanawake wanaozuru sana wanavyuoni wameifasiri kwa njia tofauti. Lakini ikiwa kinachoogopwa ni shirki, basi mkono wa mwanamume unaoligusa kaburi nao unapaswa kuogopwa. Utaratibu uliowekwa baada ya kesi ulilikubali jambo hilo kimyakimya: wanaume kwa wanawake husimama umbali uleule, wala hakuna anayeligusa kaburi. Mimi naukubali, japo najua wako wanawake waliotaka zaidi ya hapo.