Mlima Ambao Sikuuchagua

Bwana asifiwe, wapendwa. Neno la wiki hii ni Waebrania 12:1: "na tupige mbio kwa saburi katika yale mashindano yaliyowekwa mbele yetu." Nimelisoma mara nyingi nikiwa nimeketi. Jumamosi iliyopita nililisoma kwa miguu.

Nilikimbia nusu marathoni katika mji ambao watu husafiri kwenda kuutazama tu: maji upande mmoja, vilima upande wa pili, na daraja refu katikati. Nakiri nilijiandikisha kwa sababu ya picha. Sikuwaza kwamba vilima vinavyofurahisha macho, deni lake hulipwa na mapaja.

Kosa langu lilianza kabla ya mlima. Bastola ilipolia, umati ulinibeba. Kilomita ya kwanza ni tambarare, hewa ya alfajiri ina ubaridi, kila mtu anakupita na wewe unaona haya kupitwa. Nilikuwa nimepanga dakika saba kwa kilomita. Kutazama saa, ni tano na nusu. Nikajiambia mazoezi yamejibu. Mwili haukunibishia. Ulikaa kimya ukiandika deni, ukaja kunidai kwenye kilomita ya 15, mlimani.

Miguu ikawa mizito kama nguo iliyoloa. Mandhari niliyoifuata yalikuwa pale pale kushoto kwangu, jua limeshayapiga maji, wala sikuyaona. Nilichokiona ni visigino vya mzee mmoja aliyenipita, soksi ya kulia imezama ndani ya kiatu. Tangu mwanzo alikuwa nyuma yangu. Hakuwa ameongeza mwendo hata kidogo. Wangu ndio ulioisha.

Hapo saburi ikanishika mkono. Neno la Kigiriki lililotumika, hupomone, limeungwa kwa maneno mawili: kukaa, na chini ya. Ni kukaa chini ya mzigo bila kuutoroka. Mimi nilidhani saburi ni ya anayengoja, kumbe anayekimbia ndiye anayeambiwa awe nayo. Na wokovu wangu, nikisema kweli, nimeuendesha sana kwa mwendo wa kilomita ya kwanza: Januari nafunga na kukesha, kufika katikati ya mwaka hata Zaburi moja inanipandisha pumzi.

Halafu kuna lile neno "yaliyowekwa". Nusu marathoni ni kilomita 21 na mita 97 na nusu. Hizo mita za ziada zimetoka wapi? Ni nusu ya kilomita 42.195, urefu uliotokana na Michezo ya Olimpiki ya London mwaka 1908, njia ilipoanzia kwenye kasri la Windsor ikaishia mbele ya jukwaa la mfalme. Mwaka 1921 ukafanywa kipimo rasmi. Miguu yangu haikuulizwa. Ayubu naye hakuulizwa, wala Yusufu alipotupwa shimoni, na wengi wetu tuko kwenye ugonjwa au ndoa au ukimya wa Mungu ambao tusingeuchora hivyo kama kalamu ingekuwa yetu. Ila mfano huu una kikomo chake, maana waandaaji wa mbio hukungojea kwenye utepe. Aya ya pili inamtaja Yesu aliyeipita njia yenyewe, "aliustahimili msalaba."

Kwenye meza ya maji yule mzee alikuwa anakunywa taratibu, kikombe kwa mikono miwili. Akaniangalia ninavyotweta.

"Tembea kidogo, mwanangu. Mlima hauhami."

"Shikamoo, mzee," nikasema, kwa kuwa sikuwa na pumzi ya neno jingine.

Tukatembea bega kwa bega mpaka kileleni, hakuna aliyezungumza. Juu kabisa akanigusa kiwiko, akageuka kuelekea majini.

"Sasa tazama."

Nikatazama. Zilikuwa zimebaki kilomita tano.