Siku Senge alipoitikia majina ya Waanglikana

Wiki jana wamepita tena hapa kwa barabara yetu, wale mahujaji wa Namugongo kule Uganda, bango mbele, rozari shingoni, wamama wamejitwika vifurushi na wanaimba tu hata jua likiwa kali hivyo. Mtoto wangu alisimama langoni akiwapungia mkono hadi wakapotea kwa kona, halafu akaja jikoni kuniuliza, "Mama, hao ni wa kanisa gani?" Nikamwambia ni Wakatoliki. Akanyamaza kidogo, kisha, "Na mbona wewe kwa ile picha uko nao na sisi ni wa ACK, Waanglikana?"

Nilimwambia nitamweleza jioni, na jioni nilipoanza kueleza nikaona maneno ni mengi kuliko usingizi wake, basi wacha niyaweke hapa.

Ilikuwa 2017. Senge, yaani shangazi yangu, dada ya baba, aliyeolewa Mumias, alikuwa ameweka nadhiri alipokuwa amelazwa kwamba Mungu akimtoa kwa kile kitanda atatembea kwa miguu hadi Namugongo kwa mashahidi, wale vijana Wakristo waliochomwa huko 1886. Akatoka. Na Senge akisema kitu amesema. Watoto wake wote walikuwa mbali kwa kazi zao na hakutaka kwenda bila mtu wa damu yake, ndio akanipigia mimi, mtoto wa kaka yake, mtoto wa Butere.

Wenye hamjui kwetu, Butere ni ya CMS, wamisionari Waanglikana, na Mumias ni ya mapadre wa Mill Hill, Wakatoliki, na hizo stesheni mbili matatu inakupeleka kabla hujamaliza kuongea na jirani yako kwa kiti. Lakini Senge alipoolewa Mumias ilikuwa ni kama ameolewa ng'ambo ya bahari. Siku ya harusi babu alikuja na kanzu yake safi, akafika hadi uwanja wa kanisa, akakaa chini ya mti nje mpaka misa ikaisha. Hakuingia. Hiyo hadithi imesimuliwa kwa matanga yote ya kwetu, wengine wakimsifu kwa msimamo, na mimi kila nikiisikia huwa namfikiria Senge pale mbele akigeuka kuangalia mlango.

Baba nilidhani atakataa, akasema tu, "Nenda naye. Hao mashahidi hata sisi ni wetu."

Safari yenyewe sitaimaliza kuisimulia. Tulivuka Busia tukashika barabara, Bugiri, Iganga, Jinja, tukitembea usiku wa manane hadi jua likianza kuuma, tunalala kwa mashule na kwa parokia, wenyeji wanatuletea uji na maji ya vuguvugu yenye chumvi ya kutia miguu. Miguu ya Senge ilitoka malengelenge yakapasuka akayafunga na vipande vya leso, akavaa akala zake akaendelea. Daraja jipya la Jinja lilikuwa bado linajengwa, tulipita juu ya bwawa la zamani wanajeshi wakituangalia, simu zote mfukoni manake hapo huruhusiwi kupiga picha. Halafu msitu wa Mabira, giza na malori, na pale Najjembe wauzaji wanakukimbilia na gonja, ndizi za kuchoma, na kuku wa kijiti kama vile wewe ni basi la Kampala, na kuna mmoja alipoona miguu yetu alimpa Senge gonja akakataa pesa.

Kila alfajiri ilikuwa misa. Na kila alfajiri ikifika saa ya Komunyo mimi nilibaki nimekaa. Nilijua hivyo kabla sijatoka nyumbani, Padre wa msafara wetu alinieleza kwa upole kabisa kwamba Komunyo yao si ya sisi Waanglikana, naweza kwenda mbele nikikunja mikono kifuani nibarikiwe, na nilienda. Lakini mtu mmetembea naye usiku kucha, mmegawana chupa moja ya maji, amekushikia mzigo, halafu hapo mbele mnaachana. Inauma, na mimi nilikuwa naona inamuuma hata Padre.

Jioni ndio zilikuwa zangu. Padre alikuwa na utaratibu kwamba kila jioni mtu anasoma Injili na kuongea kidogo, na tukiwa Busoga akanipa mimi, akasema leo tumsikilize dada yetu Mwanglikana. Niliwaambia habari za Askofu Hannington, vile alitoka pwani na msafara akafika Mumias, wakati huo inaitwa Kwa Sundu, akaacha watu wengi hapo na kasisi Mwafrika William Jones, yeye akaendelea na wapagazi kama hamsini, na Oktoba 29, 1885 akauawa huku huku Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda. Watu wa Mumias walikuwa hawajawahi kusikia kwamba huyo mtu alipita kwao. Mzee mmoja akauliza, na wale wapagazi? Nikamwambia wengi wao waliuawa pamoja naye. Akauliza majina yao. Sikuwa nayo, na hilo swali la yule mzee bado niko nalo, kwa sababu askofu anakumbukwa kwa jina na tarehe na hao waliobeba mizigo wakafa siku moja naye mtu anasema tu "wapagazi". Tuliwaombea hivyo hivyo, Wakatoliki wamepiga magoti kwa sakafu ya darasa wakiombea msafara wa askofu wa CMS.

Sasa tufike Namugongo.

Kuna pahali pawili, wenye mmeenda mnajua. Kuna basilika ya Wakatoliki, ile ya umbo la nyumba ya Kiganda yenye nguzo 22, na mbele kidogo kuna ya Waanglikana. Tulifika tukiwa na siku moja ya kupumzika kabla ya Juni 3, na Senge akasema, twende kwanza kwenu. Mimi sikumwomba. Alisema Papa Francis alipokuja 2015 alianza kwa Waanglikana asubuhi hiyo kabla ya kwenda kusoma misa, na Paulo wa Sita naye alifika hapo 1969, kwa hivyo yeye ni nani asifike.

Ndani ya makumbusho ya Waanglikana wameweka sanamu za ukubwa wa mtu, vijana wamefungwa, kuni, matete, wanyongaji wamesimama. Kijana aliyekuwa akitutembeza alikuwa na Kiswahili kidogo lakini kilitosha. Akaeleza vile walitembezwa kutoka Munyonyo wakiwa wamefungwa, wasomaji wa Waingereza, yaani Waprotestanti, na wasomaji wa Wafaransa, yaani Wakatoliki, kwa kamba moja, na vile Mukajanga mkuu wa wanyongaji alikuwa na mtoto wake humo ndani, Mbaga Tuzinde, akambembeleza akane, akakataa. Halafu akaanza kutaja majina ya Waanglikana, polepole, kama mtu anayesoma rejista ya darasa.

"Alexander Kadoko."

Senge akasema, "Utuombee."

Yule kijana akasita. Nyie mnaelewa, kwetu ACK hatufanyi hivyo, na Kanisa la Uganda, Waanglikana wa kule, pia hawafanyi, sisi tunawakumbuka watakatifu na kumshukuru Mungu kwa ajili yao lakini hatuwaambii watuombee, tumefundishwa tangu darasa la kipaimara kwamba mwombezi ni mmoja. Senge hakujua kama amevunja sheria ya mtu. Alikuwa amefumba macho, amesimama kwa miguu yake iliyofungwa leso, mkono mmoja ameshika chuma cha kuzuia watu, anangoja jina linalofuata.

"Nuwa Walukagga," kijana akasema.

"Utuombee."

"Robert Munyagabyanjo."

"Utuombee."

Sasa kijana akawa anamngoja. Anataja jina, anatulia hadi Senge aitikie, ndio anaenda kwa lingine. Frederick Kizza. Daniel Nakabandwa. Watu wa kikundi kingine waliokuwa nyuma yetu, sijui walikuwa wa wapi, wakaanza kuitikia pia, na mimi nikasikia sauti yangu humo ndani. Sikuwa nimeamua. Sijui hata leo kama mchungaji wangu wa Butere angekubali, na sijamwuliza, lakini sikuona pale nimeenda kinyume na Bwana wangu. Niliona nimesimama na shangazi yangu kwa kaburi la watu wetu.

Majina yalipoisha Senge akafungua macho akauliza, "Na Kizito?"

Hapa muelewe kwamba jumuiya yake kule Mumias ni ya Mtakatifu Kizito, yule mdogo kuliko wote, kijana wa kama miaka 14. Wameshona hadi leso za huyo mtoto. Kijana akamwambia, "Mama, Kizito alichomewa hapa hapa. Kule kwa basilika ni Karoli Lwanga, yeye alitengwa akachomwa peke yake. Hawa wengine, Wakatoliki na Waprotestanti, walikuwa hapa kwa moto mmoja, tarehe tatu Juni 1886."

Senge aliuliza mara mbili. Miaka hiyo yote alijua Kizito yuko upande wa basilika, si ndiko Wakatoliki wanaenda. Akakaa chini, akafungua mkoba wake, akatoa karatasi ya plastiki ya sukari iliyokunjwa, na ndani yake yalikuwa maombi ya jumuiya yote, vikaratasi vya daftari vilivyoandikwa kwa kalamu, ambavyo alikuwa amevibeba toka Mumias aviweke kwa Kizito. Miwani alikuwa ameiacha kwa mizigo. Akanipa mimi nisome.

Nikasoma. Karo ya mtoto wa kidato cha pili. Mume anayekunywa. Shamba ambalo mashemeji wamemnyang'anya mjane, anaomba mzee wa kijiji aseme ukweli. Kijana aliyeenda Saudia na simu haishiki. Pesa ya miwa ambayo haijalipwa, hiyo ilikuwa kwa karatasi nyingi kuliko zote. Sisi Butere pia tunalima miwa, na hizo pesa hata nyumbani kwetu zilikuwa hazijaingia. Nilisoma yote hadi mwisho na yule kijana wa Kanisa la Uganda akasimama nasi akasema amina kwa kila moja.

Kesho yake, siku yenyewe, umati ni ule ule, barabara ni moja, vumbi ni moja, halafu mnafika pahali mnagawanyika, hawa wanaenda misa yao na hawa ibada yao. Mimi nilienda na Senge kwa basilika, nikabaki nimekaa wakati wa Komunyo kama kawaida. Nilikuwa nafikiria kitu ambacho kwenye mahubiri hukisikii: hata miaka sita haijaisha baada ya ule moto, Januari 1892, Wakatoliki na Waprotestanti wa Buganda walipigana vita pale Mengo, Kapteni Lugard na bunduki yake ya Maxim akiwa upande wa Waprotestanti. Miaka sita! Wengine waliopigana lazima walikuwa wamewajua hao vijana, wamekula nao kwa ikulu ya Kabaka. Kwa hivyo sisemi kwamba kufa pamoja kuliwaunganisha watu, historia inanikatalia. Ninachojua ni kwamba kutembea kulituunganisha sisi wachache, na Senge alitamka majina ambayo alikuwa hajawahi kuyasikia maishani mwake na hakuuliza ni ya nani.

Kwa basi tukirudi aliniambia hili jambo la Komunyo atamwuliza askofu wake akija kipaimara, na mimi nimwulize wangu. Aliuliza kweli. Askofu alimsikiliza, akamwambia tuombe. Wangu alisema hayo hayo.

Lakini Ijumaa Kuu iliyofuata yule Padre wa safari na mchungaji wa hapa walikubali tufanye Njia ya Msalaba pamoja, msalaba unatoka ACK unaingia kwa Wakatoliki, na baba alikuja, na alipofika mlango wa kanisa la Mumias aliingia na kukaa karibu na dada yake. Mwaka uliofuata Padre akahamishwa, aliyekuja hakuwa na nafasi, halafu ikaja korona, na jambo likafa hivyo.

Mimi sioni kwa nini life. Nimeongea na katekista wa parokia na mama mmoja wa umoja wa akina mama wa ACK, wote wako tayari, na swali la kwanza tunalotaka kuanza nalo ni lile la pesa za miwa na mashamba ya wajane, manake hilo ni la makanisa yote mawili na halingoji maaskofu wakubaliane kuhusu Komunyo. Tunakutana Jumapili saa nane pale kwa shule ya msingi, ibada zote zikiisha. Wenye mko karibu mje.