Nilikuwa napulizia pasipo na mdudu

Mwaka huu nina matuta matatu nyuma ya nyumba hapa Chuno, Mtwara: mawili ya vitunguu maji, Red Bombay, na moja la liki, ndugu wa kitunguu anayeliwa shina na majani. Vitunguu ni vyangu, maana nimechoka kusubiri malori ya Singida na Ruaha Mbuyuni kila bei ikipanda sokoni. Liki ni za shemeji yangu, mpishi wa hoteli, aliyeniletea pakiti ya mbegu akaniambia, "Shemeji, wewe una mkono." Sifa kama hizo zina gharama.

Miche niliihamisha mwishoni mwa Mei, mvua zimekata na kusi imeanza. Wiki tatu baadaye majani yakaota milia ya rangi ya fedha, kama mtu kayapitishia msasa. Nikasema ni jua. Halafu nikasema ni ukungu. Nikaenda duka la pembejeo mikono mitupu, bila hata jani moja la kuonyesha (kosa langu), muuzaji akanipa chupa na kunihakikishia kuwa inamaliza kila kitu. Nilipuliza mara tatu ndani ya siku kumi. Kumaliza ilimaliza: buibui, na wale mbawakawa wadogo wekundu wenye madoa meusi. Milia ikazidi.

Mzee jirani yangu, ambaye mikorosho yake iko Tandahimba, alisimama kwenye uzio. "Mwanangu, si upulize salfa?" Nikamweleza taratibu kwamba salfa tunaipuliza kwenye mikorosho kwa ajili ya ubwiriunga, na ule ni ukungu, wangu ni mdudu. Akaitika, kisha akauliza, "Na huyu mdudu wako umemwona?"

Sikuwa nimemwona.

Niling'oa kitunguu kimoja, nikachukua sahani nyeupe ya wali, nikatenganisha majani pale yanapobanana katikati, nikayagonga juu ya sahani. Kwanza niliona vumbi. Kisha vumbi likaanza kutembea. Vidudu vya manjano iliyopauka, vyembamba kama kipande cha uzi, urefu milimita moja hivi. Nilihesabu hadi 34, nikaacha.

Hao ni thripsi. Wapo wanaowaita chawa wa vitunguu. Jike hutaga ndani ya nyama ya jani, watoto wanajibanza katikati wanakwangua na kufyonza, wakikaribia kukomaa wengi wanadondoka udongoni, halafu wanarudi na mabawa. Kwa joto kavu kama hili la kwetu, wiki mbili tatu kizazi kimekamilika. Mimi nilikuwa naosha ncha za majani huku wao wamekaa kitovuni, na wale buibui na mbawakawa waliokuwa wakiwala nimeshawaua kwa mkono wangu.

Kopo la kumwagilia shinani nimeliweka kando. Asubuhi namwagia kwa keni yenye matundu, kutoka juu, maji yashuke hadi kitovuni na kuwasomba. Jioni hapana, jani likilala limelowa linakaribisha baka la zambarau, ugonjwa wa ukungu. Siku ya mgao wa maji ikipita bila maji, napuliza ya ndoo kwa bomba la kupulizia dawa. Chini nimetandaza nyasi kavu. Na kila siku ya tano, jua likishazama, ni zamu ya mwarobaini: nusu kilo ya kokwa kavu zilizotwangwa, lita 10 za maji, inalala usiku kucha, nachuja kwa kipande cha kanga, nakuna humo sabuni ya mche kidogo ishike kwenye jani lenye nta. Harufu yake ilimhamishia mume wangu barazani. Haiui papo hapo. Inawazuia watoto kujivua ngozi na kukua, kwa hiyo usiitazame kesho yake ukakata tamaa.

Liki ndiyo inayonisumbua. Kitunguu kikichakaa majani bado nakula tunguu. Liki lenyewe ndilo shina na majani, na kila nikilipandishia udongo liwe jeupe nawafungia thripsi mlango wakiwa ndani. Dawa ya dukani siitii humo, sitaki kuikuta kwenye supu. Nililifunika tuta kwa chandarua cha zamani. Mbu anazuiwa, thripsi anapita kama yuko kwao.

Jumapili nilitoa sahani ileile. Kitunguu: saba. Liki: 19. Shemeji anapiga simu kuuliza zitakuwa tayari lini. Nimemwambia aje kwanza na keni yake.