Besi iliyopotea sebuleni

Dukani Kariakoo nilipima spika kwa masikio: taarabu ileile, kila jozi kwa sauti sawa, maana inayopiga kwa nguvu zaidi hulidanganya sikio kuwa ndiyo bora. Nikachukua jozi ya omu 8 (kipimo cha ukinzani wa umeme) na amplifaya ya wati 50.

Nyumbani, besi, yaani sauti nzito, hakuna! Fidla inalia, lakini mwimbaji hajulikani yuko kushoto au kulia. Nikailaumu amplifaya bure. Kuchungulia nyuma ya spika ya kushoto, waya mwekundu umefungwa pa mweusi: koni moja (kiwambo cha spika kinachotetema) inasukuma hewa, ya pili inavuta, besi zinafutana. Nikazigeuza nyaya. Besi ikaja kwa fujo, hadi nikazisogeza spika sentimita 40 kutoka ukutani. Mwimbaji akakaa katikati. Jirani naye akabisha hodi.